Ushauri: Barua zangu za mji wa theluji, kwenye kitabu nibaki na "mimi" au niweke nafsi ya tatu?

Binti wa Chumbageni (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni, wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni mwandishi wa makala za safari, mkazi wa Tanga, miaka 33. Kuanzia Januari mpaka Aprili nilikuwa na safu kwenye jarida moja la mtandaoni. Zilikuwa barua kumi na mbili, moja kila wiki, kutoka Chamonix, mji wa milimani Ufaransa ambako watu huenda kuteleza kwenye theluji. Zilipendwa kuliko nilivyotegemea. Sasa mhariri anataka zitoke kitabu.

Zote niliandika kwa "mimi": nimeamka, nimetoka, nimeona. Nawaza kwenye kitabu niweke nafsi ya tatu, yaani "yule dada kutoka Tanga". Je, itapoteza ladha? La pili ni picha ya jalada. Mhariri anataka nivae koti la theluji, mimi nataka baibui langu na ushungi.

Mswada unatakiwa Jumatatu. Usingizi sipati. Naombeni mawazo.

Dogo Sahare
Nimekaa siti ya mbele na barafu yangu ya ukwaju, hiyo ndiyo theluji ninayoijua mimi. Dada vaa baibui, juu yake koti. Kwisha kazi.

Mama Vitumbua
Baibui, mwanangu. Mwanangu wa pili alipokwenda Uturuki alitutumia picha kavaa koti la manyoya mpaka magotini. Baba yake akaibandika ukutani, kila mgeni anaonyeshwa. Aliporudi nikamuuliza koti liko wapi, akasema la kuazima, walikuwa wanapokezana vijana sita pale mlangoni kwa mpiga picha. Baba yake mpaka leo hajaibandua ile picha, lakini wageni haonyeshi tena.

Baharia Mstaafu
Marahaba binti. Januari 1979 meli yetu ilikuwa Hamburg. Mto Elbe ulikuwa na mapande ya barafu yanagonga ubavu wa meli usiku kucha, unadhani mtu anabisha hodi. Tulikuwa vijana watatu wa Tanga, mmoja akavaa soksi nne na kiatu kikagoma kuingia. Akashuka gatini na kandambili juu ya soksi. Wazungu wakasimama kumtazama. Baridi msiisikie kwenye redio. Kuhusu nafsi ya tatu sijui, mimi kila nikisimulia nasema mimi.

Ticha Muheza
Mleta uzi, barua kumi na mbili watu wamekwisha kuzisoma kwa "mimi" na wamezipenda. Mwandishi haikimbii nafsi yake siku nne kabla ya kukabidhi mswada kwa ajili ya ladha. Kuna nini?

Binti wa Chumbageni
Hakuna kitu mwalimu, ni mtindo tu. "Mimi" nyingi zinachosha kwenye kitabu.

Ticha Muheza
Ulikaa huko siku ngapi?

Dogo Sahare
Swali hilo limeingia kama msumari.

Msambaa wa Mlalo
Mnahangaika na Ufaransa wakati Lushoto ipo! Wajerumani walipanda huku wakikimbia joto la Tanga, mji wakauita Wilhelmstal. Juni na Julai ukungu unaingia mpaka chumbani, asubuhi unaosha uso kwa maji ya moto. Dada njoo uandike barua kumi na mbili za huku, nauli ya basi tu na plamu utakula bure.

Binti wa Chumbageni
Nimekaa saa nzima naandika na kufuta. Sawa.

Niliomba viza ya siku 90, ambazo ndizo nyingi kabisa kwa mgeni wa kawaida katika kila siku 180. Nikapewa 15. Mhariri nilishamuahidi msimu mzima na tangazo la safu limeshatoka. Nilikaa siku 13, nne kati ya hizo nililala na homa. Kwa hiyo mji niliutembea siku tisa.

Barua tatu za mwanzo niliziandika huko. Tisa niliziandika Tanga. Nilikuwa naenda Raskazone jioni jua likizama kwenye maji, nakaa na daftari, nampigia binamu yangu. Yeye yuko Chamonix, anafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Mchana natazama kamera zinazoonyesha mlima moja kwa moja kwenye intaneti. Kama theluji inaanguka kule, nami naandika theluji inaanguka.

Naomba mnielewe: kuhusu mji sikudanganya hata sentensi moja. Mashindano ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi yalifanyika pale 1924, ndivyo nilivyoandika. Chama cha waongoza wapanda mlima kilianzishwa 1821, ndivyo. Kilele cha Aiguille du Midi kina mita 3,842 hata mimi nikiwa Chumbageni.

Na malipo ya awali ya kitabu nimeshapokea. Nyumba ya mama ilikuwa inavuja vyumba viwili. Mabati yameshapigwa misumari.

Ustadhi wa Pongwe
Njia ya mwongo ni fupi, dada yangu. Bati ulilopiga kwa uongo litakupigia kelele kila mvua ikinyesha. Rudisha fedha, omba radhi, anza upya.

Mama Vitumbua
Ustadhi, mama wa watu alikuwa analowa.

Ustadhi wa Pongwe
Mama Vitumbua, sijasema alowe. Nimesema deni ni deni.

Jicho la Tatu
Mimi nawashangaa mnavyolia na huyu. Hii ni CHAI, tena ya tangawizi. Tanga iko pwani ya mashariki ya Afrika. Jua linachomoza baharini na kuzama nchi kavu, mtoto wa darasa la nne anajua. Yeye kakaa Raskazone akaona jua linazama kwenye maji? Hajafika Chamonix, hajafika hata Tanga. Katunga uzi apate wasomaji wa kitabu.

Dogo Sahare
Chai imemwagika mezani.

Nahodha wa Deep Sea
Wewe Jicho la Tatu umezaliwa wapi? Raskazone ni rasi. Imetoka nje, na ghuba imeingia ndani mpaka bandarini. Ukikaa upande wa kule wanakoogelea, ukautazama mji, magharibi iko mbele yako na maji yako katikati. Jua linashuka ng'ambo ya ghuba, maji yote yanakuwa rangi ya embe. Nimevua pale miaka ishirini.

Jicho la Tatu
Linazama nyuma ya nchi kavu ya ng'ambo. Siyo kwenye maji.

Nahodha wa Deep Sea
Njoo na rula upime.

Baharia Mstaafu
Nahodha yuko sahihi. Sisi tukiingia na meli jioni, jua lilikuwa linatupiga usoni tangu Kisiwa cha Toten mpaka tunatia nanga.

Jicho la Tatu
Haya, la jua tuliache. Mtu aliyefika kwenye theluji siku tisa ana kitu cha kusema ambacho hakiko kwenye intaneti. Mita 3,842 hata mimi nazipata kwa bando la mia tano. Atwambie alichokiona kwa macho yake.

Binti wa Chumbageni
Sawa kaka.

Theluji kavu ukiikanyaga inalia. Ni ule mlio wa wanga wa muhogo ukiubinya kati ya vidole. Usiku wa kwanza nilisimama nje ya kituo cha basi nakanyaga, naacha, nakanyaga, binamu akadhani nimechanganyikiwa.

Jioni lifti zinazopandisha watu mlimani zikifungwa, watu wanashuka mjini wamevaa vile viatu vya kutelezea. Ni vigumu kama ndoo, kifundo hakikunji, kwa hiyo mtu anatua kisigino kwanza, ko, ko, ko. Mtaa mzima unasikia punda wa Pangani wanarudi na nazi. Mbao zao za kutelezea wanabeba begani na hawaangalii nyuma wakigeuka. Mimi nilipigwa shavuni siku ya tatu.

Binamu analala chumba kimoja na wenzake wawili. Vyumba vya wafanyakazi wa msimu ni adimu mno kule, nyumba nyingi zinasubiri wageni. Dirishani wananing'iniza maziwa kwenye mfuko wa plastiki upande wa nje, kwa sababu friji hawana na nje ndiyo friji. Mikono yake imepasuka kwa ule mvuke wa pasi na baridi ya nje. Anapaka mafuta ya nazi niliyombebea kutoka kwa mama yake, usiku chumba kizima kinanukia nyumbani. Wenzake wakawa wanaomba nao.

Mont Blanc nimeiona mara mbili tu. Siku nyingine zote ilikuwa mawingu. Pale katikati ya mji kuna sanamu ya Balmat, mmoja wa wale wawili waliofika kileleni mara ya kwanza 1786, anamwonyesha de Saussure, mwanasayansi, mlima kwa kidole. Siku saba alikuwa anaonyesha ukungu.

Kuteleza kwenyewe nilijaribu saa moja, njia ya kijani, ya wanaoanza. Baada ya kijani kuna bluu, nyekundu, halafu nyeusi. Nilianguka mara nyingi nikaacha kuhesabu. Mtoto mdogo, labda miaka minne, alinipita kafunga mikono.

Jicho la Tatu
Maziwa ya dirishani hayo hukuyatoa kwenye kamera. Naondoa chai yangu.

Ticha Muheza
Binti, haya ya maziwa na mafuta ya nazi uliyaandika kwenye barua?

Binti wa Chumbageni
Hapana mwalimu. Niliona ni mambo ya umaskini wetu. Wasomaji wa safari wanataka mlima, jibini iliyoyeyushwa, moto wa kuni.

Ticha Muheza
Hapo ndipo ninapogombana na wewe. Nimefundisha insha miaka ishirini na moja. Ugonjwa wa barua zako hauponi kwa nafsi ya tatu. Ukiandika "yule dada aliingia pango la barafu" na yule dada hakuingia, uongo unabaki pale pale, umebadili shati tu. Siku tisa zako ziandike kwa "mimi". Zilizobaki andika "binamu ameniambia leo", na wewe uko Raskazone na simu sikioni. Msomaji ataona watu wawili na bahari katikati. Picha ya jalada basi, baibui, daftari na simu.

Binti wa Chumbageni
Binamu hataki atajwe. Anaogopa mwajiri. Na mhariri ameuza wazo la "msimu mzima ndani ya theluji". Nikimwambia sasa atavunja mkataba. Nilidhani nafsi ya tatu inanipa nafasi ya kupumua, maana mhusika siyo lazima awe mimi. Mswada nimeshabadilisha barua sita tayari.

Ticha Muheza
Asitajwe jina. Lakini awemo. Kakuonea miezi mitatu, kila usiku baada ya pasi, halafu kitabuni hayupo?

Mama Vitumbua
Binamu alikuwa anakwambia nini hasa mwanangu? Mimi barua nilikuwa nasomewa na mjukuu, ile ya treni nyekundu niliomba anirudie.

Binti wa Chumbageni
Ile ilikuwa yake, shikamoo mama. Siku yake ya mapumziko alipanda treni ya Montenvers mpaka kwenye Mer de Glace, ule mto wa barafu. Kutoka juu alishuka ngazi za chuma kufikia pango lililochongwa ndani ya barafu. Njiani kulikuwa na vibao vilivyoonyesha barafu ilifika wapi mwaka fulani, na kila barafu iliposinyaa ngazi ziliongezwa. Alinipigia akiwa anapanda kurudi, anahema, akawa ananisomea mwaka wa kila kibao. Akafika kibao kimoja akanyamaza, akasema, "Mwaka huu nimezaliwa mimi, na barafu iko chini kule siioni." Niliandika hivyo hivyo. Ila niliandika nimezaliwa mimi.

Msambaa wa Mlalo
Hiyo imenigusa. Na Kilimanjaro yetu nayo inakwenda hivyo hivyo.

Mama Vitumbua
Marahaba. Na Bibi wa Koleo? Yule anayezoa theluji mlangoni kila asubuhi, aliyekufundisha kutembea kwenye barafu kama bata? Bado mzima?

Dogo Sahare
Bibi wa Koleo tunampenda wote, hata mimi nisiyesoma.

Mama Vitumbua
Binti?

Jicho la Tatu
Kimya hiki mimi nakijua.

Binti wa Chumbageni
Mama Vitumbua nisamehe. Hayupo.

Nilimuona bibi mmoja mara moja, dakika mbili, ana koleo, akanionyesha kwa miguu niweke hatua fupi fupi. Hatukuzungumza. Barua ya nne ilikuwa fupi, nikamrudisha. Wasomaji wakamuulizia, nikamrudisha tena. Nikampa paka, nikampa mume aliyefia mlimani. Yuko kwenye barua saba.

Mwezi wa tatu msomaji mmoja wa Pangani, mama mtu mzima, alituma kifurushi kwa jarida, jarida wakanitumia wakidhani wananitumia huko, ila kikapitia nyumbani kwetu kwanza. Doti ya kanga. Na barua: "Mpe yule bibi ajifunge kichwani akizoa theluji, na mimi ni mjane, mwambie." Iko kabatini. Kila nikifungua mlango inanitazama. Hiki ndicho kinachoninyima usingizi, siyo nafsi ya tatu.

Mama Vitumbua
Mwanangu. Jina lake lipi, hiyo kanga?

Binti wa Chumbageni
"Wema hauozi."

Ustadhi wa Pongwe
Subhanallah.

Mama Vitumbua
Mimi sina la kukwambia kuhusu kitabu, sijasoma. Lakini kanga ya mtu hailali kabatini kwa uongo. Huyo mama hakukosea kukupa. Mpigie. Mwambie bibi ulimuona dakika mbili na mengine umetia mwenyewe. Akitaka kanga yake umrudishie kwa mkono wako, Pangani siyo mbali. Akikutukana, tukanwa.

Baharia Mstaafu
Na nenda na samli au sukari, usiende mikono mitupu.

Jicho la Tatu
Namba yake unayo?

Binti wa Chumbageni
Iko nyuma ya bahasha.

Ticha Muheza
Anza na yeye, halafu mhariri. Nitumie barua ya nne usiku huu, tumtoe paka pamoja.

Binti wa Chumbageni
Nimepiga. Kapokea mtoto, kasema bibi kaenda sokoni na simu kaiacha chaji. Kaniuliza nimwambie nani kapiga. Nikasema yule wa barua za theluji. Akapiga kelele kumwita mtu mwingine ndani ya nyumba, nikasikia wanagombania simu. Nimeambiwa nipige tena baada ya Alasiri.