AC ya gari: nitengeneze au nishushe vioo tu?

Msukani: Wakuu, naombeni ushauri kabla sijamlipa fundi kesho. Kompresa ya AC, ile pampu inayosukuma gesi ya ubaridi, imekufa, anataka tuweke nyingine. Jamaa wa kazini ananiambia niachane nayo, AC inakunywa mafuta, nishushe vioo. Kipi nafuu?

Gia_Tano: Gari gani? Cc ngapi? Mjini au safari ndefu? Umeandika kama vile sote tunaliona hapo ulipoliegesha.

MamaBelti: Ajibu hayo kwanza. Ila kompresa inazungushwa na injini kwa mkanda, kwa hiyo mafuta lazima yaliwe. Cc 1000 utaisikia ikikata pumzi mlimani, cc 3000 hushtuki. Foleni ndiyo inayouma: kilomita haziongezeki, kompresa inazunguka.

Vioo_Wazi: Mwaka wa tano huu sijagusa hicho kitufe. Upepo haulipiwi.

Gia_Tano: Haulipiwi ukiwa kilomita 40 kwa saa. Ukifika 100 na vioo vyote chini unaulipia vizuri tu. Mwendo ukizidi mara mbili, ukinzani wa hewa unazidi mara nne. Huko funga vioo, washa AC.

Vioo_Wazi: Umepima?

Gia_Tano: Lako sijalipima. Gari la boksi na lililochongoka hayawezi kuwa sawa.

Spana17: Mnabishania upepo, mimi kompresa ilinilaza njiani. Ya kwanza ilianza kulia, nikafunga ya mtumba. Wiki ya tatu, usiku, nasikia harufu ya mpira, mara paa! Taa ya betri ikawaka, usukani ukawa mzito kama nazungusha jiwe la kusagia. Kompresa ilikuwa imekwama, ikakata mkanda, na mkanda ni huohuo mmoja unaozungusha oltaneta inayochaji betri, pampu ya usukani na pampu ya maji. Nikajipa moyo, kituo kiko hapo mbele. Gari likachemsha, gasketi ya silinda hedi ikaungua. Nilikwepa bei ya kompresa mpya, nikaishia kufungua injini. Msukani, muulize fundi imekufaje: klachi ya kompresa yenyewe, gesi, au imekwama?

Msukani: Samahanini wakuu. Ni cc 1300, kazini na kurudi, foleni kama saa nzima. Fundi alisema tu imekufa. Mwaka huu nimejaza gesi mara tatu.

MamaBelti: Mara tatu! Kaka, gesi haiishi kama petroli, mfumo umefungwa. Ikipungua inavuja mahali.

Spana17: Na huenda ndicho kilichoiua. Oili ya kompresa inasafiri pamoja na gesi, na gesi ikitoroka nayo inatoka kidogo kidogo. Ukifunga mpya bila kuziba tundu, mwakani utakuwa hapa tena.

Vioo_Wazi: Ndiyo maana nasema vioo.

MamaBelti: Foleni saa nzima na moshi wa malori puani? Atengeneze. Akiingia kwenye gari lililokaa juani, ashushe vioo dakika mbili joto litoke, ndipo afunge, awashe, aweke hewa ya kuzunguka humo ndani. Kompresa haitateseka.

Msukani: Kitu kingine, kioo cha dereva hakishuki.

Gia_Tano: Sasa hilo ulikuwa unamwachia nani alitaje?

Vioo_Wazi: Ukibonyeza unasikia mlio mlangoni? Ukisikia, mota ni nzima, waya wa kuvuta kioo ndio umekatika. Kukiwa kimya, anzia kwenye fyuzi na swichi.

Msukani: Unalia kidogo halafu unanyamaza.

Spana17: Usiendelee kubonyeza, utaiunguza.