Naomba ushauri: cherehani ya kushonea ngozi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nashona makubadhi na mikoba hapa Mkunazini, Unguja. Cherehani yangu ya nguo imenishinda: ngozi ikifika milimita 6 inaruka mishono, na juzi sindano namba 18 ilikatika, kipande kikanipita jirani na jicho.

Nimeonyeshwa cherehani ya Juki DNU-1541 iliyotumika, iko Dar. Mguu wake unatembea pamoja na sindano, hilo nimelipenda. Ila mota ni ya klachi, ukigusa pedali tu inakwenda mbio, na ukanda wa kubadhi una kona nyingi. Nikifunga mota ya servo, ile ya kurekebisha mwendo, nitaweza kushona polepole? Na uzi mnene wa nailoni, sindano namba 22 ya ngozi inatosha? Mlioitumia nijuzeni kabla sijapanda boti.