Kuhariri video za harusi kwa mashine ya RAM 8: Resolve, Premiere, Kdenlive au CapCut?

Picha_Moro
Wakuu habari za saa hizi. Napiga video za harusi, send-off na ubarikio hapa Morogoro. Mashine yangu ni Core i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, hard disk ya kawaida ya kuzunguka, haina kadi ya grafiki ya peke yake. Kamera kubwa inarekodi 4K fremu 25, kamera ya pili ni simu ya kijana ninayefanya naye kazi. Nikipanga klipu mbili juu kwa chini picha inakwama, na sauti ya simu ikifika katikati ya hotuba imeshaachana na midomo.

Nataka nichague programu moja niizoee kabisa. Nimebaki na nne hizo kwenye kichwa cha habari. Wateja wangu wanataka vitu viwili: video ndefu kwenye flashi waangalie sebuleni, na vipande vifupi vya kurusha status. Naomba uzoefu wenu.

Kichujio
Mkuu, kabla ya programu tuangalie faili unazozilisha hiyo mashine, maana ukihama programu na faili zilezile, kukwama utahama nako.

Kamera yako inahifadhi H.264 au H.265, yaani mifumo ya kubana video. Humo fremu nzima ni chache. Zinazofuata zimehifadhi tu kile kilichobadilika. Ndiyo maana memori kadi ndogo inabeba harusi nzima, na ndiyo maana mashine inateseka: ukigusa sehemu yoyote ya taimulaini, prosesa lazima irudi hadi fremu nzima iliyo karibu, ijenge zote zinazofuata, ndipo ikuonyeshe hiyo moja uliyoitaka. Weka klipu mbili kwa pamoja, kazi ni mara mbili.

Dawa yake ni proksi. Programu inatengeneza nakala nyepesi ya kila klipu, tuseme 960 kwa 540, wewe unakata na kupanga kwa nakala hizo, na siku ya kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, yenyewe inarudi kwenye faili halisi. Resolve, Premiere na Kdenlive zote zinafanya hivyo. Unaziacha zitengenezwe usiku, asubuhi unakata kwa raha.

La pili, hiyo hard disk. 4K ya megabiti 100 kwa sekunde ni GB 45 kwa saa moja ya video. Diski ya kuzunguka ikiombwa klipu mbili na sauti kwa wakati mmoja, kichwa chake kinarukaruka huku na huku. Pesa uliyotaka kununulia programu, nunua SSD, diski isiyozunguka, kisha ongeza RAM ifike 16. Hapo ndipo mazungumzo ya programu yanakuwa na maana.

Zuhura_Mvita
Salaam kutoka Mombasa. Nakubaliana na Kichujio kuhusu proksi, lakini mimi nitaitetea Resolve wazi, kwa sababu harusi ni rangi.

Toleo la bure halibandiki nembo juu ya video yako, na linatoa hadi 3840 kwa 2160, fremu 60 kwa sekunde. La kulipia, Studio, ni dola 295 mara moja, hakuna malipo ya kila mwezi. Kinachokosekana kwenye la bure ambacho mtu wa harusi atakihisi ni kile kifaa cha kuondoa chengachenga za gizani. Basi ukumbini wekeni taa ya kutosha.

Ndugu yangu, bibi harusi mwenye ngozi nyeusi ndani ya shela jeupe ni mtihani kwa kamera yoyote. Ukiinua mwanga ili uso uonekane, shela linaungua, ushanga na nakshi zote zinapotea. Kwenye Resolve unafungua grafu ya mwanga, unahakikisha shela halijagonga dari, kisha unachagua uso peke yake kwa duara lenye kingo laini, unauinua kidogo, na unaliambia duara lifuate uso bibi harusi anapotembea. Halafu tazama kile kipimo cha rangi cha mviringo. Kina mstari wa ngozi, na ngozi za watu wote, weusi kwa weupe, huangukia karibu na mstari huohuo. Uso ukiwa umepotoka kuelekea kijani kwa sababu ya taa za ukumbi, utauona hapo hata kama kioo cha mashine yako hakisemi kweli. Vioo vingi vya bei nafuu havisemi kweli.

Lakini haki isemwe. Resolve inaegemea sana kadi ya grafiki, na GB 8 bila kadi itakutesa hata ukiwa na proksi. Ukifika 16 na kadi hata ya kawaida, rudi kwayo.

mzee_linux
Mwanangu Picha_Moro, hiyo sauti inayoachana na midomo haitokani na programu. Simu nyingi zinarekodi kwa fremu zisizo sawa: mwanga ukipungua au simu ikipata joto, inapunguza fremu bila kukuambia, mara 30, mara 27. Sauti inaendelea kwa mwendo wake. Programu ya kuhariri inayodhani fremu ni 30 muda wote inakuletea tofauti inayokua kadiri hotuba inavyorefuka.

Pitisha kila faili ya simu kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha faili za video, kwanza, uchague kiwango cha fremu kisichobadilika. Anayependa kuandika amri atumie FFmpeg:

ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a pcm_s16le -ar 48000 simu_sawa.mov

Nimeweka 30 kwa makusudi. Wengi wanalazimisha 25 ili ilingane na kamera kubwa, matokeo yake fremu tano zinatupwa kila sekunde na mtu akitembea anaonekana anadunda. Kama simu ilirekodi 30, isawazishe kwa 30, uitumie kwenye picha zilizotulia: hotuba, viapo, watu mezani. Wacheza ngoma waachie kamera kubwa.

Dawa kamili iko siku ya kupiga. Umeme wetu ni wa hezi 50, Tanzania na Kenya zote, kwa hiyo taa za ukumbini zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Simu ikiwa kwenye 30 na kasi ya shata (muda wa mwanga kuingia kwa kila fremu) 1/60 unapata ile michirizi inayopanda na kushuka ukutani, na hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Weka fremu 25 na shata 1/50. Kamera ya simu ikikataa, pakua Blackmagic Camera, ni ya bure, ipo ya iPhone na ya Android, inakuruhusu kufunga vyote viwili.

Kuhusu programu, kwa mashine uliyonayo leo nasema Kdenlive. Ni ya bure kabisa, proksi unaiwasha kwenye mipangilio ikajitengenezea yenyewe kwa kila klipu inayozidi upana uliouweka. Ina ndugu yake, Shotcut, wanatumia injini moja inayoitwa MLT. Shotcut ikikuta klipu ya fremu zisizo sawa inakuonya palepale na kujitolea kuibadilisha. Kwa anayeanza, onyo hilo lina thamani kubwa.

Angalizo kwa wa Linux wenzangu: Resolve ya bure huku kwetu imekuwa na tatizo la miaka mingi na H.264 pamoja na sauti ya AAC (sauti iliyobanwa). Unalazimika kubadilisha kila kitu kwenda DNxHR, mfumo wa video usiobana sana, kwanza, na faili zinakuwa kubwa mno.

Nyamagana_Edit
Naona Premiere haijapata mtetezi. Nafanya kazi kwenye studio, na nitasema sababu moja tu ya kuijua: ajira. Studio nyingi nilizopita na kampuni za matangazo wanakukabidhi mradi wa Premiere na wanategemea uufungue kesho. Kama ndoto yako ni kuajiriwa huko, jifunze.

Kama ni harusi zako mwenyewe, malipo ya kila mwezi hayaangalii msimu. Kwaresima kazi zinapungua, makato hayapungui. Na tafadhali, hizo Premiere za kuvunjwa zinazouzwa kwenye flashi mtaani muachane nazo. Humo ndimo virusi vinamoingilia, na mashine hiyohiyo ndiyo imebeba harusi za watu ambazo hazirudiwi.

Niongeze jambo ambalo halina programu. Sauti itangulie picha. Matarumbeta yanakuja? Wacha tuyasikie wakati bado tunamwona mama anafunga kilemba chake chumbani, ndipo ukate kwenda barabarani. Mtazamaji anavutwa bila kujua. Na ukikata hotuba, usikate mwishoni mwa neno. Kata baada ya pumzi, kisha ufunike mshono kwa uso wa anayesikiliza. Rekodi nusu dakika ya ukumbi ukiwa hakuna anayeongea, uipitishe chini ya mishono yote. Bila hiyo, kila ulipokata sikio linasikia shimo.

Picha_Moro
Asanteni sana wakuu, mzee_linux ubarikiwe. Nimejaribu HandBrake kwenye hotuba ya baba mzazi, midomo imekaa. Swali: nina rekoda ndogo ninayoichomeka kwenye mikisa ya DJ. Hiyo nayo mwanzoni inalingana, baada ya saa nzima inapotoka kidogo. Fremu sasa ziko sawa, kwa nini?

mzee_linux
Kila kifaa kina saa yake ndani na hakuna mbili zinazokwenda sawasawa kabisa. Kwa dakika kumi huoni, kwa saa nzima unaona. Usirekodi kipande kimoja kirefu: simamisha na kuanza upya kila tukio linapobadilika, na upige kofi moja mbele ya kamera kila unapoanza. Kwa hiyo uliyonayo tayari, kata sauti ya rekoda mahali penye ukimya, kati ya mzungumzaji na mzungumzaji, usogeze kila kipande peke yake. Kdenlive ina amri ya kulinganisha sauti kwa mawimbi: unachagua sauti ya kamera kama kielelezo, unaiambia klipu nyingine ijipange nayo.

Na sauti ya kamera usiifute. Vigelegele na makofi ya wageni vimo humo, mikisa haivijui. Ishushe, iache ipumue chini.

DadaKlipu
Nipo Minnesota, nahariri za jumuiya yetu huku. Kwa vipande vya status na vya wima, CapCut ni nyepesi na inafanya kazi kwenye simu, sibishani na hilo. Fanya 1080 kwa 1920, na maneno uyaweke katikati, juu na chini huwa yanafunikwa na vitufe vya mitandao.

Ila usiitegemee kwa kazi kuu. Vifaa vinahamishiwa upande wa kulipia kadiri siku zinavyokwenda, na Januari 2025 ilifungwa huku Marekani pamoja na TikTok kwa sababu ya sheria iliyomlenga mmiliki wake, ByteDance. Ilirudi, lakini mtu mwenye kazi ya mteja ndani yake siku ile angemwambia nini? Maliza video yako Kdenlive, itoe, kisha ukate vipande CapCut kutoka kwenye faili iliyokamilika.

Maandishi ya chini: Kdenlive inaweza kutumia Whisper, programu inayogeuza sauti kuwa maandishi, nayo Kiswahili imo. Majina ya watu na ya ukoo yahakiki moja moja. Hakuna mzazi atakayefurahi kuona jina la mwanawe limekosewa kwenye video ya harusi yake.

Kichujio
Narudi kwenye flashi, kwa sababu malalamiko mengi ya wateja yanaanzia sebuleni. Flashi hupangwa faili kwa mifumo tofauti: TV nyingi za zamani hazisomi ule wa exFAT, zinataka FAT32, na FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4. Harusi ya saa mbili kwa megabiti 8 ni GB 7.2, haiingii. Una njia mbili. Ya kwanza, shusha hadi megabiti 4, inakuwa GB 3.6, ukiongeza sauti bado inaingia, ila kwenye ngoma na taa za disko utaona picha inavunjika. Ya pili, na ndiyo ninayoitumia, ni kugawa: kanisani faili yake, ukumbini faili yake, kila moja chini ya saa moja, megabiti 8. Mteja mwenyewe anapenda, maana wageni wakija anataka kuruka moja kwa moja hadi kwenye keki.

Toa MP4, H.264, sauti AAC. H.265 iache hata kama faili ni ndogo zaidi, TV za miaka ya nyuma zitaleta sauti bila picha.

Picha_Moro
Nimeelewa. Naanza na Kdenlive na proksi, mwezi ujao SSD, RAM baadaye, Resolve nitaijaribu nikishafika huko kwa ajili ya rangi alizosema dada Zuhura. La mwisho: wateja wakitaka niwatumie kwa WhatsApp inafika imefifia.

Zuhura_Mvita
Tuma kama dokumenti, si kama video. Ukiituma kama video inabanwa tena. Kama dokumenti inafika vilevile ulivyoitoa, hadi GB 2. Na faili halisi za kamera usizifute mpaka mteja awe amekaa na familia yake akaangalia mpaka mwisho. Weka nakala mbili kwenye diski mbili, na moja yake isilale nyumba moja na mashine.