Mrejesho: novena ya Mashahidi wa Uganda kwa mgonjwa na kwa marehemu

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kumsalia mgonjwa wetu kwa Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, huku bado tuna msiba. Asanteni, majibu yamefanya kazi.

Novena, yaani sala ya siku tisa mfululizo, inaanza Mei 25 na kuisha Juni 2, mkesha wa sikukuu yao. Kila siku nia itajwe kwa jina la mgonjwa, kisha Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe na litania, yaani sala ya kuitikiana. Hapo kwenye litania ndipo watu huteleza: kwa Mungu tunajibu "utuhurumie", kwa mtakatifu "utuombee". Neno hilo moja linamaliza ubishi wa wanaodai kwamba tunaabudu watakatifu. Ukiruka siku, endelea tu. Si hirizi hiyo.

Kwa mwenye maumivu, mwombeni Matia Mulumba, mmoja wa mashahidi hao. Mwaka 1886 alikatwa mikono na miguu, akaachwa Old Kampala siku 3 mpaka akafa Mei 30. Anayajua mateso ya kulala bila nafuu.

Dawa zisisimamishwe, hata mkiwa na maji ya Namugongo, mahali pa hija ya mashahidi hao. Padre aitwe mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kuungama. Mpako, sakramenti ya kupakwa mafuta matakatifu, ni wa wagonjwa, haupewi maiti. Hupakwa mafuta kwenye paji la uso na viganjani, kwa hiyo viganja viwe wazi.

Kwa marehemu, wekeni nia ya Misa parokiani. Novemba 1 hadi 8, ukizuru makaburi na kuwaombea, ukaungama, ukakomunika na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, unampatia marehemu rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote ya muda iliyobaki kwa dhambi zilizokwisha kusamehewa.