Naomba ushauri: tembo wasio na pembe nawafundishaje?

Wakuu, habari za leo. Nafundisha Biolojia kidato cha nne na mada ya mageuzi inanitoa jasho. Mfano wangu ni tembo wa Gorongosa, Msumbiji. Kabla ya vita vya 1977 hadi 1992, karibu asilimia 18 ya majike hawakuwa na pembe. Wapiganaji wakaua tembo kwa ajili ya pembe na nyama, zaidi ya asilimia 90 ya tembo wote wakaisha. Kati ya majike walionusurika, karibu nusu hawakuwa na pembe.

Wanafunzi wanaandika, "tembo waliona hatari wakaacha kuota pembe." Nawaambia hakuna tembo aliyebadilika: wenye pembe waliuawa, wasio nazo wakabaki wakizaa. Wanaitikia, mtihani ukija wanarudi kulekule!

Nimejaribu maharage mekundu (tembo wenye pembe) na meupe (wasio nazo) kwenye bakuli: wanachomoa mekundu mengi, yanayobaki wanayazidisha mara mbili. Hapo wakaelewa kidogo, ila binti mmoja akauliza mbona madume wote wana pembe. Inaaminika kwamba dume akirithi jeni ya kutokuwa na pembe, iliyo kwenye kromosomu X, hufa kabla ya kuzaliwa. Hilo naliingizaje kwenye bakuli bila kuwavuruga? Au nihamie mfano mwingine, wa seli mundu na malaria? Walimu wenzangu, nyie mnafanyaje?