Nilikwenda kituoni na kizunguzungu, nikatibiwa unene

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nafungua uzi huu kwa uchungu, na ninawaomba wanaofanya kazi katika vituo vya afya vya huku Lamu wausome mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

Kwa muda wa miezi mitatu nilikuwa nikipatwa na kizunguzungu, nikipanda ngazi za nyumba yetu huku Langoni naishiwa na pumzi, na hedhi ilikuwa ikinichukua siku tisa kwa wingi wa kutisha. Nilikwenda kituoni nikiwa nimeshayapanga maneno ya kumweleza daktari. Kabla sijamfikia, nilipandishwa juu ya mizani iliyowekwa mbele ya benchi la wagonjwa, na muuguzi akatangaza "tisini na sita!" kama mtu anayenadi samaki, mbele ya majirani zangu na mbele ya mama mkwe wangu. Kisha akanifunga kitambaa cha mashine ya presha ambacho hakikunitosha mkono. Kilifyatuka mara mbili. Mara ya tatu akakishikilia kwa kiganja mpaka mashine ikasoma 152 kwa 96. Daktari akaniambia nipunguze mwili, niache mahamri na wali wa nazi, akaniandikia vidonge vya presha. Nilipotaja hedhi alijibu kwamba mwili ukipungua na hiyo itakaa sawa. Damu yangu haikupimwa.

Kitambaa kikiwa kidogo kuliko mkono, mashine husoma presha ya juu kuliko ile mtu aliyo nayo, na kila aliyesomea uuguzi analijua hilo. Vidonge sikuvigusa. Wiki mbili baadaye nilipimwa Malindi kwa kitambaa kipana, presha ikawa 124 kwa 78, na damu ikakutwa gramu 7.6 kwa desilita, ilhali mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi. Nilikuwa nikiishiwa damu, nao wakanihesabia mahamri.

Kaka yangu ana kilo 110. Alikwenda kituo hicho hicho kwa ajili ya kikohozi, akatibiwa kikohozi.

Sikatai kwamba unene huongeza hatari ya kisukari na presha. Marehemu mama yangu aliugua sukari, na ninajua maana yake. Ninachokataa ni mwili wa mwanamke kugeuzwa jibu la kila swali. Hata ule uwiano wa uzito na urefu waliobandika ukutani ulibuniwa na Quetelet, Mbelgiji wa hisabati na nyota ambaye hakuwa tabibu, katika miaka ya 1830, naye mtafiti wa Marekani Ancel Keys na wenzake, walioupa jina linalotumika leo, BMI, mwaka 1972, walitumia vipimo vya wanaume peke yao. Uwiano huo unaweza kumwonyesha daktari pa kuanzia, lakini haumwambii kwa nini mgonjwa aliye mbele yake anatokwa na damu siku tisa. (Na hapa kwetu bibi harusi husifiwa kwamba amenawiri, akishazaa watatu, mwili ule ule unakuwa aibu ya kutangazwa barazani.)

Nimeandika barua kwa msimamizi wa kituo kuomba mambo matatu: mizani iwekwe nyuma ya pazia, kinunuliwe kitambaa kipana cha presha, na mwanamke anayelalamikia hedhi apimwe damu siku hiyo hiyo, awe na kilo 50 au 100. Ninaipeleka Jumatatu. Kama nawe yamekukuta, yaandike hapa chini, niyaambatishe.