Naomba ushauri: nataka kusanifu bustani za umma zinazofikika na watu wenye ulemavu

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nimehitimu usanifu wa mandhari Chuo Kikuu Ardhi, na moyo wangu uko kwenye bustani za umma ambazo mtu wa kiti cha magurudumu, asiyeona na bibi mwenye mkongojo wataingia bila kubebwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo, lakini michoro mingi ninayoiona inaishia kwenye njia ya mteremko langoni. Ndani ni kokoto, kiti hakisogei, na mabenchi hayana pa kushikilia wakati wa kuinuka. Hata mteremko wenyewe huwa mkali, ilhali kipimo kinachojulikana ni mita 1 ya kupanda kwa mita 12 za urefu.

Nimeomba kazi kampuni kadhaa. Jibu ni kwamba hicho ni kipengele cha mradi, si kazi ya kujitegemea. Kwa sasa najitolea kukagua njia pamoja na kikundi cha watu wenye ulemavu mtaani kwetu, na wananifundisha mengi sana.

Je, nisome shahada ya uzamili, au nitafute kwanza uzoefu idara ya mipango miji ya halmashauri? Na aliyewahi kulipwa kwa ukaguzi wa aina hii, mteja wa kwanza ulimpataje?

Natanguliza shukrani.